Bei ya Kikohozi cha Alfonsi

Nimekabidhi koti jeupe, funguo za kabati la dawa na ile meza yenye mguu mmoja mfupi. Anayeshika nafasi yangu nimemwonyesha kipande cha ubao kinachowekwa chini ya mguu huo, maana bila hicho chupa zote zinateremka kuelekea mlangoni. Sasa nimekaa nyumbani Inyonga, sina wa kumfunga bendeji, na nyie madresa, wasaidizi wa daktari mliobaki pale hospitali ya mgodi, mliniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi. Mshahara sitautaja, kwa sababu habari fupi kiasi hicho haihitaji wino. Vyeo navyo nitaviacha. Nitawaeleza habari za vifua, na hasa kifua kimoja.

Nilishuka kwenye treni pale Mpanda kabla Malkia wa Uingereza hajatawazwa, na nilikuwa mtu mzima tayari. Miaka mingi nilikuwa dresa wa malale, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o huko kwetu, kazi ya kupapasa shingo za watu kutafuta tezi zilizovimba. Siku ya kwanza mgodini alinijia mtu anayeumwa jino, na kabla sijafikiri mkono wangu ulikuwa umeshafika shingoni kwake. Mkuu wa madresa alikuwa Salumu, mtu wa Ikola huko ziwani, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma ambayo hakuivua hata mbele ya daktari. Alinitazama mpaka nikajishtukia.

"Bwana mkubwa," akasema, "huyo kaja na jino. Mbung'o waache huko huko Inyonga."

Wagonjwa walicheka, na mwenye jino naye akacheka huku ameshika shavu. Ndivyo nilivyopokelewa kazini.

Salumu ndiye aliyenifundisha kifua. Kile chombo cha kusikilizia alikiheshimu, alikifuta kwa kitambaa chake mwenyewe na hakuruhusu kining'inizwe kwenye msumari. Lakini alisema kina kasoro moja: mtu akikiona anajua kwamba anasikilizwa. Kwa hiyo alikuwa na njia yake. Alimpandisha mtu ngazi za baraza la hospitali huku anamuuliza habari za kwao, mvua zimenyeshaje, mpunga umeshika, nani kaoa. Hakumtazama hata kidogo, alisikiliza tu sentensi inakatikia wapi. Ikikatika kabla ya kufika juu, jina la mtu huyo lilikwenda kwa daktari.

Ilibidi awe mjanja, kwa sababu watu wenyewe walikuwa wajanja zaidi. Watoboaji, yaani wale wanaoshika mashine ya kutoboa mwamba kule chini, ndio waliokula vumbi la mawe kuliko wote, na ndio waliolipwa vizuri. Kila mwaka walipimwa kifua. Ukionekana kibovu unapandishwa juu kufagia reli za mabehewa, au unapewa tiketi ya kurudi kwenu. Basi walijifunza kukizika kikohozi. Hilo ndilo neno lao, kukizika. Siku mbili tatu kabla ya kupimwa hawakuvuta tumbaku, walikunywa asali yetu ya Kikonongo iliyoyeyushwa kwa maji ya moto, walilala wameegemea ukuta, na asubuhi walikohoa nyumbani mpaka kikaisha. Walipofika kwetu walisimama wima kama askari wa gwaride. Daktari, Mzungu mmoja mrefu asiye na haraka wala makuu, aliwajua, lakini sikio peke yake lina mwisho wake. Mashine ya kupiga picha ya kifua ilikuwa Tabora, na mtu hakupelekwa huko bila sababu.

Salumu aliwakamata wengi. Aliyemshinda alikuwa mmoja tu, Alfonsi, mtoboaji wa Kibaoni. Alikuwa mtu mzima, mwenye mabega mapana na nywele zilizoanza mvi, na ukimya wake ulijulikana mgodi mzima. Ukimsalimu anaitikia, basi. Salumu alimpandisha ngazi mwaka hadi mwaka akimuuliza habari za mpunga.

"Umeshika?"

"Umeshika."

"Na mvua?"

"Ipo."

Hapo wameshafika juu. Ungekamata nini? Tukakubaliana kwamba Mungu alimuumba hivyo, na kwamba kifua chake ni chuma.

Halafu mgodi ukaanzisha mfuko wa akiba. Kila mwezi kitu kidogo kilikatwa, na siku ya kuondoka mtu alipewa kuchagua. Angeweza kuchukua kiinua mgongo chote mkononi, au kukikabidhi kwa kampuni ya bima, nayo imlipe kila baada ya miezi mitatu mpaka siku atakapokufa. Hiyo ya pili iliitwa malipo ya maisha, na watu waliicheka sana. Walioondoka mwanzo wote walichukua mkononi. Mmoja alinunua santuri ya kupiga muziki, na nilipomwona tena alikuwa anaiuza. Mwingine alirudi kwao na kila ndugu aliyekuwa na shida akaileta siku hiyo hiyo. Mimi mwenyewe niliona kampuni hizo ni wezi waliovaa tai, mpaka nilipokutana na Bwana Festo.

Bwana Festo alikuwa wakala, alikuja kwa treni kutoka Tabora na sanduku la bati. Nilimpenda kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakuwa wa kampuni moja, aliuza kwa niaba ya kadhaa. Ya pili, ukimuuliza swali alikujibu hilo hilo ulilouliza. Alikuwa akikaa kwenye baraza letu, kwa kuwa lilikuwa na kivuli na mabenchi, na hivyo nilisikia kila kitu.

Alfonsi alipofikia wakati wa kuondoka alisema anataka malipo ya maisha. Watu walishangaa. Mkewe, Mama Yustina, alikuja kutoka Kibaoni kumsaidia kufunga mizigo, na ndiye aliyetueleza sababu, kwani mwenzake asingeeleza.

"Tuna mtoto mmoja tu, Yustina, kaolewa Mwese," alisema. "Siku huyu akifumba macho, ndugu zake watakuja kugawana. Si watu wabaya, ndiyo desturi. Baiskeli itaondoka, ng'ombe wataondoka, hata majembe. Nitabaki na nini, na mguu wangu huu? Ndiyo maana kaitaka hii. Haifungwi kamba ikaswagwa."

Mguu wake wa kushoto ulikuwa umelemaa tangu utoto, na kazi ya mpunga haikumfaa. Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo: akibaki peke yake, ale nini.

Kampuni zilitaka cheti cha daktari. Alfonsi akaja kupimwa, na alivyokuja ungesema anakuja kuoa. Kaoga, kanyoa, kasimama wima. Daktari alimsikiliza mbele na nyuma akasema kwamba kwa umri wake kifua ni safi. Watoboaji waliokuwa wanasubiri nje walimpa mkono mmoja mmoja, na jioni ile walimnunulia pombe. Alikuwa amemaliza kazi bila kushindwa hata mara moja. Nami nilimpa mkono, nikafurahi kwa moyo wote.

Kesho yake Bwana Festo akampa bei. Atalipwa kiasi fulani maisha yake yote, na akifa mkewe ataendelea kulipwa nusu. Ile nusu ingetosha chumvi, sabuni na mafuta ya taa, kama hatawasha taa kila siku. Chakula hakikuwemo.

"Mbona kidogo hivi?" Salumu akauliza. Hakuwa ameulizwa yeye, lakini ndivyo alivyokuwa.

"Kwa sababu ni mzima," Bwana Festo akajibu. "Kampuni inapima umri uliobaki. Ikiona mtu ataishi sana, inampa kidogo kidogo ili hela zitoshe miaka mingi. Ikiona safari yake fupi, inamwongezea."

"Kwa hiyo mgonjwa analipwa zaidi?"

"Mgonjwa mwenye cheti, ndiyo. Kampuni moja haijali sana habari hizo. Nyingine inaongeza vizuri, hasa kwa watu wa migodini. Ndiyo sababu huwa nawaambia watu wasikubali bei ya kwanza, hata nikiwa mimi ndiye niliyeitoa."

Nilimtazama Alfonsi. Alikuwa anaangalia ngazi za baraza. Akachukua kofia yake akaondoka polepole.

Mama Yustina alibaki. Tulikuwa tunachemsha sindano, na Salumu, ili kumliwaza, akasema, "Usihuzunike, mama. Angalau mzee wako ni mzima. Tatizo lake ukimya tu."

Mama Yustina akatua kapu lake chini. "Mkimya nani?"

"Si huyu Mzee Alfonsi?"

"Baba Yustina? Jamani, yule alinioa kwa mdomo. Kibaoni walimwita Kasuku. Baba yangu alimkataa mara ya kwanza kwa sababu ya maneno yake mengi." Akakunja pindo la kitenge chake. "Ila tangu ashike ile mashine, kila likizo anarudi na maneno machache kuliko mara iliyopita. Mimi nilidhani kanichoka."

Salumu aliiacha koleo ndani ya maji yanayochemka. Wote wawili tulielewa kwa pamoja. Mtu yule hakuwa mkimya. Alikuwa anabana pumzi, mwaka baada ya mwaka, na ili ngazi zetu zisimkamate alikuwa ameacha kuongea kila mahali, mpaka nyumbani kwake. Nilisikia uchungu. Na nitasema wazi, nilimheshimu siku ile kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpima.

Sasa sikilizeni, madresa. Salumu hakukimbilia kwa daktari. Siku zote alisema kifua cha mtu ni mali yake, na mtu huyu hakuwa tena chini ya mgodi. Alimweleza Mama Yustina tulichokielewa, akamwambia akaongee na mumewe. Jioni walikuja wote wawili. Alfonsi alisimama chini ya ngazi, hakupanda.

"Nikikohoa mimi," akasema, "daktari atarudi kuwasikiliza vijana kwa sikio jingine."

Kwa Alfonsi hiyo ilikuwa hotuba. Kumbe hofu yake haikuwa aibu peke yake. Vijana wale aliwafundisha kazi mwenyewe, na siri ilikuwa yao wote.

"Hao vijana wana wake?" Mama Yustina akauliza.

"Wanao."

"Basi awasikilize."

Daktari alishangaa kumwona amerudi, lakini aliweka kalamu chini akasema, "Vua shati." Alfonsi akavua. Akaambiwa akohoe. Akajaribu, na hakikutoka kitu. Nilimwona anavyohangaika, shingo imemsimama, na kifua kimekaa kimya vile vile alivyokifundisha. Mwili ulikuwa umezoea kutii. Nje, dirishani, watoboaji wawili waliokuja na vidonda vya mikono walikuwa wanatazama, naye aliwaona. Daktari akaanza kuangalia saa yake.

Mama Yustina hakuruhusiwa kuingia. Aliingia.

"Bwana Daktari, samahani. Mpandishe ngazi. Na wewe, Baba Yustina, mhadithie siku ile uliyomleta mbuzi kwetu. Yote, usiruke."

Daktari alimtazama Salumu, Salumu akaitikia kwa kichwa, na sote tukatoka nje. Alfonsi alivaa shati bila kufunga vifungo, akashika nguzo, akaanza. Alisema alitoka kwao alfajiri na mbuzi wa mahari, dume jeupe lenye kiburi. Akapanda. Alisema walipofika karibu na kanisa, watu wametoka misa, kamba ikakatika, na yule mbuzi akaingia kwenye shamba la mpunga la mkwe mtarajiwa mwenyewe, na yeye na suruali yake ya kuazima akaingia nyuma yake, na mama mkwe akatoka na...

Hapo pumzi ikaisha. Akafungua mdomo, neno halikuja. Akaegemea nguzo, na kikohozi chote alichokizika tangu siku ya kwanza kikatoka kwa pamoja. Kilikuwa kirefu, na kilikuwa kibaya. Wale vijana wawili walivua kofia zao. Mama Yustina alimshika mgongoni, machozi yanamtoka.

Alipopata nafuu alifuta mdomo kwa mkono. Nilidhani tumemaliza. Lakini yeye akasema, "...akatoka na mwiko," akaendelea na hadithi mpaka mwisho, kwa vipande vipande, akipumua kila baada ya maneno mawili. Daktari angeweza kumkatiza, alikuwa ameshasikia alichokihitaji. Hakumkatiza. Alikaa kwenye ngazi, yeye na suruali yake nyeupe, akasikiliza habari za mbuzi hadi tone la mwisho, na hadithi ilipofika kwenye mwiko wa mama mkwe alicheka.

Alfonsi alipelekwa Tabora kupigwa picha, na picha ikasema yale yale. Bwana Festo alipeleka cheti kwa kampuni mbili, akarudi na majibu mawili. Ile ya kwanza iliongeza kidogo. Ya pili iliongeza hivi kwamba nusu ya mjane sasa ilikuwa karibu sawa na malipo yote ya bei ya awali. Chakula kilikuwemo, na mafuta ya taa ya kila siku. Alfonsi hakukabidhi kiinua mgongo chote, alitoa kwanza cha kununulia mabati ya nyumba, kwa sababu malipo ya miezi mitatu hayaezeki paa. Hilo mlikumbuke zamu yenu ikifika, pamoja na lile la kuuliza bei zaidi ya moja, na lile la kumwandikisha mwenzako. Na msijifanye wazima. Mimi nilipopimwa mwezi uliopita nilimweleza daktari kila mahali panaponiuma, hata goti. Alisema nitaishi miaka mingi sana, na malipo yangu yakawa madogo kweli kweli.

Alichokihofia Alfonsi kilitokea. Daktari alianza kuwasimulisha watoboaji wote hadithi kwenye ngazi, na wengine walipelekwa Tabora, na baadhi wakapandishwa juu. Wapo waliomlaani. Lakini yule daktari alipigana na wakubwa wake mpaka mashine zote za kutoboa zikawekewa maji ya kuua vumbi, na aliyemsukuma, alituambia mwenyewe, ni mtu wa mbuzi.

Alfonsi aliishi Kibaoni misimu kadhaa ya mpunga. Kila aliyepita kule alituletea habari kwamba anaongea mchana kutwa. Kisha zikaja habari nyingine, na mimi na Salumu tukapanda lori la mahindi kwenda kwenye matanga.

Tulikuwepo siku ya kugawana. Mdogo wa marehemu, Kalisto, ndiye aliyesimamia, na alisimamia kwa adabu, sina la kumlaumu. Baiskeli ilisukumwa nje. Majembe yakapangwa. Ng'ombe wakafungwa kamba, pamoja na yule mwenye maziwa. Blanketi zuri likakunjwa. Ikafika kwenye kiti cha mbao chenye mikono, ambacho Mama Yustina alikuwa amekikalia, na kijana wa Kalisto akaja kukiomba. Mama Yustina akainuka taratibu kwa sababu ya mguu, akakaa mkekani.

"Shemeji," Kalisto akasema, "zimebaki zile hela za mgodi. Nazo tungependa tuzione."

"Hamwezi kuziona," alijibu Mama Yustina. "Hazijaja. Zinakuja kidogo kidogo, kila baada ya miezi mitatu, pale boma Mpanda. Na karani hampi mtu. Anataka anione mimi kwa macho yake, nikiwa hai."

Kalisto akamgeukia Salumu. "Ni kweli, mzee?"

"Ni kweli."

"Na shemeji akifa, zinakuja kwa nani?"

"Zinaisha."

"Hazirithiwi?"

"Hazirithiwi. Zipo maadamu yupo."

Wazee walitazamana. Jua lilikuwa linashuka na upepo wa bondeni umeanza kuwa wa baridi. Mama Yustina akajivuta kitenge mabegani, akakohoa kidogo tu, kikohozi cha kawaida cha mtu aliyelia siku nyingi. Kalisto akaruka kana kwamba amechomwa na mwiba.

"Wewe!" alimwita kijana wake. "Mrudishie mama yako mkubwa kiti. Na lile blanketi, lete. Na huyo ng'ombe mwenye maziwa, mfungue kamba, abaki."